Gitaa Lililopita Kati ya Nondo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una kazi mkononi endelea nayo, ila uniazime sikio moja. Leo ninamkumbuka mtu niliyemjua kwa karibu, na mkewe ameniomba nisimpambe. Nitajitahidi.

Tunamkumbuka fundi wa mafriji. Mtaani na kazini wote walimwita Fundi Baridi. Alifariki dunia siku ya Jumanne, wiki saba zilizopita, saa nne na nusu asubuhi, katika moto uliounguza jengo alilokuwa akiishi. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Ameacha mke, binti mmoja na wajukuu wawili.

Ameacha pia gitaa la umeme, la zamani sana. Nitalizungumzia gitaa hilo sana, nanyi mtanivumilia, kwa sababu Fundi Baridi alikuwa ameshatoka nje ya jengo akiwa mzima. Alirudi ndani kulichukua. Narudia, kwa waliofungua redio sasa hivi: alikuwa ameshatoka. Akarudi.

Jina la Baridi alipewa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi yake. Ya pili ni tabia. Hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Mteja akija juu, yeye anashuka chini. Siku moja mama mmoja alimfokea kutwa nzima, maana alimfokea kwenye simu, akamfokea mlangoni, akamfokea mpaka jikoni, kwamba friji alilolitengeneza juzi haligandishi tena. Fundi akachuchumaa, akalitazama, akanyanyuka. Akasema, "Mama, mlango wake ulikuwa haujafungwa." Akaufunga, akaaga, akaondoka.

Mimi nilikutana naye kwenye bendi. Kabla sijawa mtangazaji nilikuwa mpiga gitaa la ridhimu, wa kawaida tu. Yeye alipiga solo. Tulisimama bega kwa bega miaka kumi na mmoja, kwenye harusi, mahafali na sherehe za wafanyakazi. Wasikilizaji wapendwa, ukisimama na mtu miaka kumi na mmoja huku mnasikilizana, unamjua hata akikohoa.

Gitaa lile alilipataje? Alikuwa na miaka ishirini na tisa na amebakiza mwezi mmoja kuoa. Alikwenda kutengeneza chumba cha baridi cha hoteli fulani. Upande wa pili wa ukuta bendi ya hoteli ilikuwa ikifanya mazoezi. Akasikia gitaa la solo. Alituhadithia mara nyingi kwamba aliweka spana chini, akakaa juu ya kreti la soda mpaka mazoezi yakaisha. Nyama ya hoteli nzima iliponea chupuchupu.

Mpiga solo wa hoteli alikuwa mtu mzima, mikono imeanza kutetemeka. Wakaongea. Mzee akamwambia, "Mimi nimestaafu vidole. Gitaa ninalo, mikono sina. Wewe mikono unayo. Una nini nyumbani?"

Nyumbani alikuwa na friji. Alikuwa ameliunda mwenyewe kutokana na mafriji matatu yaliyokufa, akalipaka rangi nyeupe mara mbili, likawa kama limetoka dukani. Lilikuwa friji la kuanzia maisha ya ndoa. Akalibeba kwenye mkokoteni mpaka kwa yule mzee. Akarudi na gitaa.

Mkewe, ambaye mimi namwita shemeji, anasema hivi: "Nilikaa miaka sita bila friji. Mke wa fundi friji. Majirani wananiletea mafriji yao mlangoni yatengenezwe, na mimi naenda kuomba barafu kwao. Niliwahi kumwambia, baba watoto, chagua, mimi au hilo. Akanyamaza kidogo. Nikamwambia, hapo unaponyamaza ndipo unaponikosea."

Alicheka aliponiambia hayo. Kisha akaacha kucheka.

Sasa niwaeleze gitaa lenyewe, maana wengi hamjawahi kuliona. Lilitengenezwa Fundi Baridi akiwa bado mtoto wa darasa la pili. Rangi yake ilikuwa nyekundu ya cheri, ila pale mkono wa kulia unapoegemea ilikuwa imefifia mpaka ukaona mbao. Usoni lilikuwa na matundu mawili marefu yaliyopinda, moja kila upande wa nyuzi. Tumbo lake lilikuwa jembamba. Unene wa vidole vitatu, basi. Mbavu zake mbili ni tupu ndani, kama sanduku. Lakini katikati, kutoka shingoni mpaka mkiani, umepita ubao mzima, mzito.

Kwa nini nawachosha na useremala? Kwa sababu hapo ndipo ulipokuwa utamu wake. Gitaa la umeme lenye mbao nzima, ukilichomoa kwenye umeme, ni bubu. Gitaa la kawaida la tumbo kubwa halina adabu, linaamsha nyumba. Lile la Fundi Baridi lilikaa katikati. Bila umeme lilikuwa linanong'ona. Mtu aliye chumba kimoja na wewe anasikia. Aliye chumba cha pili anadhani amesikia.

Binti yake, ambaye leo ni mwalimu wa shule ya msingi, aliniambia: "Nikirudi shule nilikuwa najua baba yupo, kwa kusikia kitu ambacho karibu hakisikiki. Nafanya hesabu zangu mezani, yeye yuko kitandani kwake anapapasa nyuzi. Ikinishinda hesabu, ananyamaza. Sijui alijuaje. Mgongo tu ndio alikuwa anauona."

Ukilichomeka kwenye spika, likawa kitu kingine. Sauti nene, ya duara, haikukwaruzi sikio. Na lilikuwa na wazimu wake. Ukilisogeza karibu sana na spika lilianza kuvuma lenyewe, bila kuguswa, na mvumo ukipanda unakuwa yowe. Wapiga magitaa wengi wanalikimbia jambo hilo. Fundi Baridi alilifuga. Alipiga noti moja, akageuka taratibu kuielekea spika, noti ile badala ya kufa ikaanza kukua. Akaishika hapo. Akisogea nusu hatua mbele inapiga yowe, akisogea nusu hatua nyuma inazimika. Nimeona watu wazima wameacha kula harusini, wamemkodolea macho mtu aliyesimama tu.

Niliwahi kumuuliza anajisikiaje pale. Akasema, "Najisikia kama nimemshika mkono mtu anayetaka kukimbia, na hakimbii."

Wasikilizaji wapendwa, kulikuwa na mtoto mwingine. Wa kwanza, wa kiume. Aliugua figo akiwa na miaka minane. Akafariki akiwa na tisa. Miezi mitano ya mwisho alikuwa wodini, vitanda kumi na viwili kwenye chumba kimoja, watoto wote wagonjwa. Baba alikuwa anatoka kazini, anaoga, anakwenda saa ya kuona wagonjwa na gitaa mgongoni. Siku ya kwanza muuguzi wa zamu alimzuia mlangoni. "Mzee, hapa si ukumbini." Fundi hakubishana. Alilitoa palepale kwenye korido, akapiga kidogo. Muuguzi akasogea karibu. Akasogea tena. Kisha akamwambia, "Pita, lakini mlango nitauacha wazi nikusikie ukizidisha."

Hakuzidisha hata siku moja. Mtoto alikuwa anaweka kiganja kwenye tumbo la gitaa, kwa nyuma, ili lile asilolisikia vizuri alisikie kwa mkono. Ndivyo alivyokuwa amelala jioni ile ya mwisho.

Baada ya mazishi Fundi alikaa mwaka na zaidi bila kuligusa. Bendi ikamsubiri. Siku moja akarudi mazoezini. Alichomeka waya, akauliza, "Tunaanzia wapi?"

Jambo moja zaidi kuhusu gitaa hilo, kwa sababu litakuja kuwa na maana. Shingo yake iliwahi kuvunjika. Tulikuwa kwenye pikapu tunakwenda kwenye harusi, dereva akafunga breki, ngoma kubwa ikaliangukia. Likakatika pale shingo inapokutana na kichwa. Fundi Baridi aliliunga kwa gundi ya mbao, akalibana kwa vibanio, akakaa nalo siku mbili kama anauguza mtu. Tangu hapo lililia vizuri kama zamani, lakini hakuruhusu mtu alibebe kwa kulishika shingo.

Bendi ilikufa kama bendi nyingi zinavyokufa. Mmoja alihama, mmoja aliokoka akaacha muziki wa dunia, mimi nikaja redioni. Yeye akabaki na mafriji yake mpaka akastaafu, na gitaa lake kitandani.

Sasa nafika mahali pagumu. Katika miaka yote ile hatukuwahi kurekodi. Hata wimbo mmoja. Kila mara ilikuwa mwezi ujao. Basi Jumatatu, siku moja kabla ya moto, mimi nilimpigia simu. Nikamwambia tumepata studio mpya, Alhamisi iko wazi saa tano, njoo na gitaa upige chochote, nusu saa tu. Alicheka. Akasema nyuzi zake zimekufa, zina kutu. Nikamwambia badilisha. Akasema, "Kesho asubuhi nitabadilisha."

Na kesho asubuhi alikuwa anabadilisha.

Waliishi ghorofa ya kwanza. Chini kulikuwa na ghala la magodoro. Mafundi walikuwa wanachomelea mlango wa ghala, na inasemekana cheche ziliruka zikaingia ndani. Magodoro ya sponji hayaungui kama kuni. Yanatoa moshi mweusi, mzito, ambao mtu akiuvuta mara tatu nne anaanguka. Shemeji ndiye aliyesikia harufu kwanza. Alimwita. Fundi akatoka chumbani na koleo mkononi. Alikuwa ameshafunga nyuzi nne. Zimebaki mbili.

Walishuka pamoja. Shemeji ana goti bovu, kwa hiyo alimshika mkono, ngazi kwa ngazi. Moshi ulikuwa ndio kwanza unaanza. Wakatoka nje. Akamkalisha kwenye ukingo wa barabara, upande wa pili. Akaangalia majirani, akauliza kama mama wa mlango wa jirani ametoka na watoto. Alikuwa ametoka nao. Kila mtu alikuwa ametoka.

Kisha akasema, "Nakuja."

Neno hilo sote tunalisema tunapoondoka, na hakuna anayelishangaa. Shemeji naye hakulishangaa. Alidhani anakwenda kuongea na wale wanaomwaga maji. Alipomwona anaingia mlangoni, amejiziba pua kwa kola ya shati, alimwita. Alimwita kwa jina lake halisi, ambalo hakuwa akilitumia. Hakugeuka.

Yaliyofuata nimeyapata kwa fundi viatu, ambaye kibanda chake kiko nyuma ya jengo. Nimemwachia aseme mwenyewe. Nayasoma kama alivyoniambia.

"Nilikuwa nimepanda juu ya bati la kibanda changu, nalimwagia maji lisishike moto. Nikasikia naitwa. Anaita taratibu, kama mtu anayeomba chumvi. Kuangalia, ni Fundi Baridi, dirishani kwake. Akaniambia, 'Jirani, pokea hili.' Akalipitisha gitaa kiubavu, katikati ya nondo. Lilikwaruza huku na huku, likapita. Akasema, 'Shika chini, usishike shingo, iliwahi kuvunjika.' Nikashika chini. Nikalilaza kwenye bati. Nilipoinua macho, amezishika nondo kwa mikono miwili.

"Nikamwambia rudi kwenye ngazi. Akasema, 'Ngazi hazipitiki tena.' Nikashika nondo nikavuta, yeye akasukuma. Hazikutikisika. Nikapiga kelele waniletee mtaimbo. Wakaenda kuutafuta. Moshi ulikuwa unamtokea nyuma ya mabega. Sikuwa na la kufanya, nikamshika vidole. Nilimshika mpaka vikaacha kunishika. Ndipo mtaimbo ukaletwa."

Wasikilizaji wapendwa, nondo zile aliziweka Fundi Baridi mwenyewe, watoto wakiwa wadogo. Alizipima kwa kiganja, ili mtoto asiweze kupitisha kichwa akaanguka. Gitaa lake lilikuwa na unene wa vidole vitatu. Likapita. Yeye hakuweza kupita.

Zimamoto walifika, wakafanya kazi yao. Waliokufa katika moto ule ni mmoja tu.

Siku ya mazishi, sisi tuliobaki wa bendi tulitaka lile gitaa lipigwe. Tulidhani ndiyo heshima. Mimi ndiye niliyetumwa kwa shemeji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Shemeji, mkilileta, mimi sitakwenda kumzika." Hatukulileta. Tulimzika kimya, tunasikia majembe.

Fundi viatu alikuwa amelificha nyumbani kwake, limefungwa kwenye shuka. Alikuwa analiogopa. Wiki ya tano shemeji akampelekea ujumbe alilete, pale kwa binti yake anapoishi sasa. Juzi Ijumaa akaniita mimi.

Nilimkuta amekaa kitandani, gitaa liko pembeni yake juu ya lile shuka. Lina mikwaruzo miwili mirefu, mbele na nyuma. Linanuka moshi mpaka leo. Lina nyuzi nne.

Nilikuwa na jambo la kumwambia, nililokuwa nimelibeba wiki zote hizo. Nikamwambia, shemeji, ile simu ya Jumatatu niliipiga mimi. Nisingepiga, asingekuwa anafunga nyuzi. Pengine lingekuwa limetulia kwenye boksi lake, asingelikumbuka.

 Akasema, "Angelikumbuka. Usijibebeshe. Na usinipe sababu, maana kila anayekuja hapa ana sababu. Wananiambia alirudi kwa ajili ya mwanetu, kwa sababu mtoto alilala ameligusa. Maneno mazuri. Lakini mimi nimeishi na yule mtu miaka thelathini na minne. Alirudi kwa sababu alilipenda, na alidhani ana muda. Basi. Alidhani ana muda, na mimi niko barabarani namwita."

Nikauliza kama anataka nilichukue, nilihifadhi kwangu asilione. Akakataa. "Liache. Kila asubuhi nalifunua, naligombeza, nalifunika. Siku nikimaliza nitakwambia."

Kisha akaniomba vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa hiki kipindi. Alisema, "Ukimtangaza, usimfanye shujaa. Sema alikuwa mtu mzuri sana, na siku moja alifanya jambo la kipumbavu." Nimesema, shemeji. Umenisikia nimesema.

Cha pili, aliniomba nimalizie zile nyuzi mbili. Nilikwenda dukani, nikarudi nazo. Nikazifunga, nikazikaza, nikaanza kuzilinganisha na zile nne alizozifunga yeye. Zake zilikuwa bado ziko sawa, wasikilizaji. Wiki zote hizo, na moshi wote ule. Shemeji alikuwa amenipa mgongo, anakunja nguo za wajukuu. Nilipomaliza, vidole vyangu vikataka kupiga, mazoea tu ya miaka mingi. Bila kugeuka akasema, "Hapo hapo, shemeji. Inatosha." Nikaliweka chini.

Kwa niaba ya kituo hiki, na kwa niaba ya wanabendi wenzangu, natoa pole kwa shemeji yangu, kwa mwalimu binti yake, kwa wajukuu, na kwa fundi viatu, ambaye ameniambia bado hajaweza kupanda tena juu ya lile bati. Mungu awape nguvu za kuimaliza kila siku inapokuja.

Nanyi mnaonisikiliza, sina hotuba. Kila mmoja wetu ana kitu chumbani kwake ambacho akikifikiria vibaya dakika moja, atakirudia. Kifikirie sasa hivi ukiwa umekaa salama, na uamue sasa hivi kwamba kitaungua.

Kawaida kipindi hiki hufungwa na muziki wa marehemu. Nilieleza kwamba hatukurekodi. Hatuna hata sekunde moja ya Fundi Baridi. Kwa hiyo dakika tatu zilizobaki, ambazo zingekuwa za wimbo wake, nitaziacha kimya, na mafundi mitambo wamenikubalia. Msidhani redio imeharibika. Inukeni, nendeni kwenye dirisha la chumba mnacholala, mshike nondo zake, mzitikise. Kama hakuna hata moja inayofunguka kwa ndani, tafuteni fundi leo, jua likiwa bado juu.